Tina ya kurekebishia mikwaruzo ya gari: ipi ununue ukiwa Kigoma

Kabla hujatoa hela, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukiteleza bila kukwama, basi mkwaruzo umeishia kwenye kilia, lile tabaka angavu la juu, na hapo huhitaji tina yoyote. Kampaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha, na kitambaa laini vinatosha. Ukucha ukinasa, au ukiona praima (rangi ya kwanza ya chini) au bati, ndipo utafute rangi na tina ya kuizimulia.

Tatizo ni kwamba ukiingia dukani pale Mwanga ukasema "naomba tina", mara nyingi utapewa ile rahisi wanayotumia maseremala kwenye vanishi. Taja unataka ya kazi gani.

Ninayoiweka juu ya zote ni tina ya 2K inayokauka polepole, yaani ya rangi na kilia vinavyochanganywa na hadina, dawa ya kukazia. Bei yake inauma kidogo, lakini hali ya hewa ya kwetu inaidai. Kati ya Novemba na Aprili mvua ni nyingi na hewa imejaa unyevu, ukijumlisha na ziwa hapo chini. Tina inayoruka haraka huondoka na joto la bati. Bati likipoa, unyevu wa hewani hutua juu ya rangi mbichi, na rangi inaota ukungu mweupe. Watu hulaumu rangi, kumbe ni tina. Ya polepole inaacha rangi itulie. Juni hadi Agosti, kukiwa kukavu, ya wastani inafaa pia. Ndugu zetu wa Tabora nao, kwa lile jua la Oktoba, wachukue hiyohiyo ya polepole: ya haraka itakauka kabla rangi haijajitandaza.

Ya pili ni tina ya NC (ya rangi za nitroselulosi, zinazokauka bila hadina) ile ya daraja la juu, ya kung'arisha. Inafaa kama gari lilishapigwa rangi ya NC mtaani. Utajuaje? Lowesha kitambaa cheupe kwa tina kidogo, ufute mahali pasipoonekana, mfano ndani ya fremu ya mlango. Rangi ikihamia kwenye kitambaa haraka, hiyo si ya kiwandani. Usiichanganye kamwe na rangi au kilia chenye hadina. Tina za NC kwa kawaida zina alkoholi, na alkoholi huila hadina; rangi itabaki laini wiki nzima.

NC ya kawaida, ya bei ya chini, nunua ya kuoshea brashi. Basi.

Tapentaini ni ya rangi ya mafuta, ya mageti na madirisha. Ukiimwaga kwenye rangi ya gari inaweza kuganda mabonge, ingawa kwa kutoa madoa ya lami ni nzuri sana. Petroli na mafuta ya taa hata nisiwape nafasi: vinaacha mafuta, na rangi inafanya vijishimo kama macho ya samaki.

Nusu lita inatosha na kubaki. Chukua kopo lililofungwa kiwandani, si iliyopimwa kwenye chupa ya maji, maana haijulikani imechanganywa na nini, na mtoto akiikuta ataona maji. Ukilazimika kununua ya kupima, dondoshea tone kwenye kioo: likikauka likaacha duara la mafuta, mrudishie mwenye duka. Nyumbani fanyia kazi nje, mbali na jiko la mkaa, kwa sababu mvuke wake hudaka moto kwa urahisi. Na kama unapuliza kilia cha 2K, barakoa ya kitambaa haikusaidii. Inatakiwa yenye kichujio cha kemikali.

Mwisho, soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, ambacho kwa Toyota nyingi kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Ikiwa ni 040, nyeupe ya kawaida, endelea na brashi yako. Ukikuta 070, nyeupe ya lulu, hiyo hupigwa kwa matabaka matatu. Usinunue tina, mpelekee gari fundi mwenye mashine ya kupulizia.