Gazebo na ROS 2: jaribu roboti kabla ya kwenda Kariakoo

Kabla hujatoa hela Kariakoo kununua mota na vihisi, iendeshe kwanza roboti yako ndani ya kompyuta. ROS 2 (programu za kuendesha na kuunganisha sehemu za roboti) toleo la Jazzy, pamoja na Gazebo Harmonic (kiigaji cha roboti), ni za bure, na msimbo wake uko wazi. Jazzy ilitoka Mei 2024 na itahudumiwa hadi 2029. Iweke kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04, ukilazimisha 22.04 utapambana na vifurushi visivyopatana.

Uigaji wa fizikia ndio utamu wenyewe, na ndipo wengi wanapokwama. Roboti ikiruka au kutetemeka mara tu inapotua sakafuni, usiilaumu programu: kagua inesha (namba inayoonyesha ugumu wa kuzungusha kitu) kwenye URDF, faili linaloeleza umbo na uzito wa roboti. Watu hunakili namba za roboti nyingine! Kwa mwili wa roboti wa umbo la boksi, kilo 2, urefu mita 0.3 na upana mita 0.2, inesha ya mhimili wima ni 2 × (0.09 + 0.04) ÷ 12, yaani takribani 0.022 kg·m².

Ukifika kwenye roboti halisi, mlango wa USB wa Arduino (bodi ndogo ya kuongoza mota na vihisi) ukikataa kufunguka, jiongeze kwenye dialout, kundi la Ubuntu lenye ruhusa ya kutumia milango hiyo, kisha toka na uingie upya. Maabara inayotumia Wi-Fi moja, kila timu ichague ROS_DOMAIN_ID yake (namba inayotenganisha mawasiliano ya ROS 2) kati ya 0 na 101, la sivyo roboti ya wenzenu itatii amri zenu.

Kasoro kubwa: Gazebo inaelemea kadi ya picha. Kwenye laptopu dhaifu, iwashe bila dirisha kwa amri ya gz sim -s -r, ikifuatiwa na jina la faili la ulimwengu wako.