The Marrow Thieves: riwaya ya vijana ambayo ukatili wake ulishatokea

Msomaji aliyekulia pwani akisimuliwa The Marrow Thieves kwa sentensi moja atasema kisa hiki anakijua: mumiani. Watu wanakamatwa, wanatolewa kitu mwilini, na kitu hicho kinakuwa dawa ya wengine. Nairobi na Kampala za enzi ya ukoloni, waliotajwa kwa kazi hiyo ni wazimamoto. Katanga waliitwa batumbula. Mtajie kijana mumiani ili umvute afungue kitabu, lakini usimwache akisome chote kwa jicho hilo. Mumiani huja usiku, hana ofisi, na kukicha watu hubishana kama kweli yupo. Katika riwaya hii ya Cherie Dimaline, wakamataji huja mchana na filimbi zao, na magari yao yana maandishi ya Serikali ya Kanada, Idara ya Elimu ya Ndoto. Wanaitwa Waandikishaji, kwa sababu wanakamata watu ili kuwapeleka shule.

Dimaline ni Mmétis, yaani mtu wa taifa la Kanada lenye asili ya wenyeji na Wazungu, wa jamii ya Georgian Bay, Ontario. Kitabu kilitoka Toronto mwaka 2017, na mwaka huohuo kikapata Tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada kwa vitabu vya vijana pamoja na Tuzo ya Kirkus. Kina kurasa zipatazo 230 na sura fupifupi. Anayesoma Kiingereza cha kidato cha tatu kwa raha atakimaliza bila kamusi, isipokuwa kwa majina ya miti na wanyama wa kaskazini. Kwa wenzetu wa Kongo na Burundi waliozoea kusoma Kifaransa, ipo tafsiri iitwayo Pilleurs de rêves, iliyotolewa na Boréal.

Kisa chenyewe ni hiki. Dunia imeharibiwa na mabadiliko ya tabianchi, pwani zimemezwa na maji, Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini yamejaa sumu. Walionusurika wamepatwa na maradhi yasiyo na jina: hawaoti tena ndoto, na kukosa ndoto kunawatia wazimu. Watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini peke yao bado wanaota. Wanasayansi wanabaini kwamba ndoto hizo zimetunzwa ndani ya uboho wa mifupa, na wanaanza kuuvuna. Mvunwa haponi. Shule za bweni zilizofungwa zamani zinafunguliwa upya kwa kazi hiyo. Frenchie ana miaka 11 kaka yake Mitch anapojitoa akamatwe ili yeye apate upenyo wa kutoroka. Anakimbilia msituni kuelekea kaskazini, akiwa hoi anaokotwa na kundi la wakimbizi wenzake, na tunapokutana nao tena ana karibu miaka 16. Kiongozi wa kundi ni Miigwans, mtu mzima wa Kianishinaabe, mojawapo ya mataifa ya watu wa asili, aliyempoteza mume wake, Isaac. Bibi yao ni Minerva, ambaye kwa muda mrefu msomaji atamwona mzee wa kubebwa tu, asiye na faida msituni. Mwambie kijana wako amtazame Minerva kwa makini tangu mwanzo, na usimwambie kwa nini.

Mwandishi hakulazimika kubuni mengi, na hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Kanada iliendesha shule za bweni za watoto wa asili kwa zaidi ya karne moja. Sheria ya mwaka 1920 ilifanya mahudhurio kuwa ya lazima, hivyo mzazi aliyemficha mtoto alikuwa mhalifu. Watoto wapatao 150,000 walipita humo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Walinyolewa nywele, walipewa majina mapya, waliadhibiwa kwa kusema lugha za nyumbani, na maelfu hawakurudi. Anayedhani habari ya wanasayansi kuchota mwili wa mtoto ni chumvi ya mwandishi asome habari za majaribio ya lishe ya mwaka 1948 hadi 1952: katika shule sita, watafiti wa serikali walijua watoto wana utapiamlo, na badala ya kuwashibisha wakawagawa kwa makundi, huku wakiwapa maziwa au vitamini na kule wakiwanyima, ili wapime tofauti. Dimaline ameongeza hatua moja tu.

Ndiyo maana sehemu zinazoitwa "Hadithi" zisirukwe, ingawa vijana wengi wanaopenda mbio watashawishika kuziruka. Miigwans huketisha kundi na kusimulia historia yao tangu zamani hadi walipofika. Zinasimamisha mwendo wa kisa, ni kweli, lakini humo ndimo sababu za kila kitu zilimo: jinsi maji yalivyokuja kugombaniwa, jinsi watu walivyofuatwa kwanza kwa heshima kuombwa msaada, kisha wakalipwa, kisha wakachukuliwa kwa nguvu. Mfuatano huo ni wa kujifunza. RiRi, mtoto wa miaka saba, mwanzoni hapewi Hadithi yote kwa sababu ya umri wake, na wakubwa wanavutana kuhusu lini aambiwe. Mwalimu au mzazi anayejiuliza kama mtoto wake yuko tayari kwa kitabu hiki atakuta swali lake limo ndani ya kitabu.

Pamoja na Hadithi kuna hadithi za kufika, yaani jinsi kila mmoja alivyojikuta kwenye kundi. Sheria yao ni kwamba hadithi ya kufika ni mali ya mwenyewe: haisimuliwi na mwingine, na hakuna anayelazimishwa kuisema. Mwandishi mwenyewe anaishika sheria hiyo. Wapo tunaotembea nao kurasa zote bila kuambiwa yaliyowapata, na msomaji hana haki ya kudai. Kwa watoto wa watu waliohojiwa, kuandikwa na kupigwa picha na kila mgeni, kanuni hiyo ina uzito wake.

Mahali pawili panastahili kusomwa kwa sauti. Pa kwanza ni pale Frenchie anapokutana uso kwa uso na moose, kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, akiwa na bunduki mkononi na kundi zima lina njaa. Anapiga hesabu: nyama ni nyingi kuliko wanavyoweza kubeba, kuibanika kunataka moto wa muda mrefu, moshi utaonekana na Waandikishaji, nusu ya mnyama itaoza. Anashusha bunduki. Hapo kijana anaonyeshwa maana ya kuwinda kwa adabu bila kuhubiriwa, na anaona pia jinsi ukimbizi unavyomnyima mtu hata chakula kilichosimama mbele yake. Pa pili ni pale Miigwans anapofungua shehena na kukuta chupa ndogo za kioo, kila moja na lebo safi: namba, umri, jinsi, kabila. Hakuna damu wala kelele, ni lebo tu, na panatisha kuliko mapambano yote ya kitabu. Anachofanya na chupa zile mkasome wenyewe.

Lugha nayo ni mhusika. Vijana hawa hawajui lugha za bibi zao, na neno moja la Kianishinaabe kutoka kwa Minerva linapokewa kwa pupa. Rose, msichana wa kundi ambaye Frenchie anampenda, akijifunza neno ambalo Frenchie halijui, Frenchie anaona wivu hasa. Mkenya aliyesimuliwa na wazazi wake habari za kipande kilichovishwa shingoni mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama shuleni hatahitaji maelezo. Niseme tu kwamba mwisho wa riwaya unaegemea lugha kuliko bunduki, na umeandaliwa kwa subira tangu sura za mwanzo.

Kasoro zipo. Sayansi ya uboho haibebi uzito wa maswali: kwa nini ndoto zipotee kwa watu wote isipokuwa hao, na dawa yenyewe inafanyaje kazi, havielezwi kwa kuridhisha. Kijana anayependa riwaya za sayansi zenye mantiki iliyokazwa atalalamika, na ana haki. Dawa ya malalamiko hayo ni kumwambia mapema asome uboho kama unavyosomwa moyo au damu katika ngano zetu. Rose ameandikwa kwa wepesi. Muda mwingi tunamwona kupitia macho ya Frenchie aliyempenda, na yake mwenyewe ni machache. Wengine wa kundi, kama mapacha na Slopper, wanabaki majina yenye tabia mojamoja. Adui hana uso: hatuingii kamwe ndani ya kichwa cha Mwandikishaji, na nadhani hilo limekusudiwa, ila mjadala wa darasani juu ya kwa nini watu wa kawaida hukubali kazi kama hiyo itabidi uletwe na mwalimu. Theluthi ya mwisho inakimbia. Kundi jingine la watu linaingia, mambo makubwa yanatokea kwa kurasa chache, na jambo moja linalotendeka kwenye ukingo wa jabali linahitaji nafasi ya kulilia ambayo kitabu hakitoi. Msomaji akifika hapo, afunge kitabu kwa siku nzima kabla ya kuendelea.

Umri: kuanzia miaka 14 kwa kusoma peke yake. Chini ya hapo asome na mtu mzima aliyekimaliza kwanza. Hadithi ya kufika ya Wab, msichana mwingine wa kundi, ina ubakaji na kujeruhiwa usoni. Haichorwi kwa undani, lakini haifichwi, na inakuja ghafla. Kuna kifo cha mtoto. Kuna kisasi kinachofanywa na mhusika tunayempenda, na kitabu hakimsafishi. Mapenzi ya Frenchie na Rose hayavuki mipaka ya rika lao. Mume wa Miigwans anatajwa kama mume wa mtu yeyote anavyotajwa. Mzazi ajue hilo mapema ili asikwame katikati mtoto akiuliza.

Kwa kundi la kusoma, mikutano minne inatosha. Wa kwanza usiwe wa riwaya kabisa: tumieni saa moja kwa historia ya shule za bweni na ramani ya Ontario, muonyeshe Ziwa Huron na Georgian Bay, ili neno "kaskazini" liwe na mahali pake. Bila hatua hiyo vijana husoma kitabu kama kisa cha kukimbizana, na wanashangaa kwa nini watu wanalia wakisikia neno shule. Mkutano wa pili uishie baada ya Hadithi ya kwanza, wa tatu baada ya kundi kuondoka kwenye hoteli tupu ya Four Winds, na wa nne umalize. Mpe kila mmoja penseli aweke alama mbili pembeni: moja kwa mambo anayodhani yamebuniwa, nyingine kwa yale anayodhani yalitokea, kisha mlinganishe. Penseli za namna hii huamsha mabishano kuliko maswali ya mwisho wa sura, hasa zikifika kwenye ukurasa wa chupa.

Wazazi wa Kiswahili walioko Ontario wana sababu yao ya kukisoma mbele ya watoto. Mwaka 2023 bodi ya shule za umma za Toronto iliamua kwamba Kiingereza cha darasa la 11 kifundishwe kupitia waandishi wa First Nations, Métis na Inuit, yaani watu wa asili wa Kanada, na riwaya hii ni miongoni mwa zinazofundishwa sana katika somo la aina hiyo. Mtoto akileta kitabu hiki nyumbani, mazungumzo juu ya nani aliishi kwenye ardhi mnayopangisha nyumba yataanzia hapo.

Anayetaka kuendelea, mfuatano wake ni Hunting by Stars wa mwaka 2021. Huo unaingia ndani ya kuta za shule ambazo kitabu cha kwanza kinatuonyesha kwa mbali, ni mzito zaidi na mrefu zaidi, na hausomeki bila wa kwanza. Usimpe aliyetikiswa na wa kwanza. Mpe aliyebaki na maswali.

Kwa mwenye miaka 12 au 13, anzeni na The Interrogation of Ashala Wolf ya Ambelin Kwaymullina, mwandishi wa Wapalyku wa Australia Magharibi, ya mwaka 2012. Vijana wenye vipaji visivyo vya kawaida wanaitwa Haramu, wanazuiliwa kambini, na wachache wanaruhusiwa kuishi wakipewa msamaha maalumu. Msamaha huo nao una asili yake: sheria ya Australia Magharibi ya mwaka 1944 ilimtaka Mwaborijini anayeomba uraia athibitishe kwamba amejitenga na jamii yake, isipokuwa uzao wake na ndugu wa karibu kabisa tu. Riwaya hii ina mafumbo ya upelelezi, ukatili wake umepimwa, na muundo wake unaorudi nyuma na mbele kwenye kumbukumbu unataka msomaji asiyepoteza uzi, kwa hiyo asome mfululizo, asiache wiki nzima katikati. Kwa aliyefika miaka 16 na kuendelea kuna Moon of the Crusted Snow ya Waubgeshig Rice, ya mwaka 2018, iliyoandikwa kwa watu wazima. Umeme na simu vinakatika katika kijiji cha Waanishinaabe kaskazini ya mbali wakati wa baridi, na hakuna anayeeleza kwa nini. Yumo bibi mmoja, Aileen, anayemwambia kijana mmoja wa kijiji kwamba dunia yao haiishi sasa, ilishaisha zamani wageni walipofika, kisha ikaisha tena watoto walipochukuliwa.