Viroboto wa paka: kumwogesha au dawa ya matone?

Paka akijikuna kutwa, mchane manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloa. Vipunje vyeusi vikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wako.

Kumwogesha huondoa waliopo mwilini saa hiyo tu. Kesho wengine watapanda kutoka kwenye zulia. Matone ya shingoni kwa kawaida hulinda takriban mwezi mzima, ndiyo maana mimi nachagua matone. Ninayemwogesha ni mtoto wa paka tu, ambaye hajafikisha umri wa dawa: maji ya uvuguvugu, chanuo la meno membamba, kisha akaushwe upesi.

Ila tafadhali, usimpake dawa ya mbwa! Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, ambayo humtetemesha paka na hata kumuua.