Tundu la kaakaa: nyama ya ulimi au ya shavu?

Kaakaa lililopasuka likishashonwa, wakati mwingine hubaki tundu: uji hupenya puani, na mtoto huongea kwa king'ong'o. Nyama ya jirani ikiwa imegeuka kovu, daktari huiazima kwingine.

Ulimi una damu tele, na hiyo ndiyo nguvu yake. Madaktari wa upasuaji Guerrero-Santos na Altamirano waliieleza njia hii ya kuziba tundu kwa nyama ya ulimi mwaka 1966. Kipande cha mgongo wa ulimi huinuliwa na kushonwa tunduni kikiwa bado kimeshikana na ulimi, kisha hutenganishwa baada ya wiki mbili au tatu. Wiki hizo ni ngumu mno kwa mtoto: anakula vya majimaji, hawezi kusema vizuri, na nusu kaputi ya pili, ya kutenganisha, ni ya hatari zaidi kwa sababu ulimi umefungwa juu.

Njia ya shavu, aliyoieleza daktari wa upasuaji Pribaz mwaka 1992, huchukua utando na msuli pamoja na ateri ya uso. Mara nyingi operesheni moja hutosha. Ila ateri iwe nzima, na meno yasiume shina la kipande, yaani sehemu inayokiunganisha na shavu.

Kwa mtoto asiyetulia, ningependelea shavu. Kwa tundu kubwa la mbele, ulimi bado unategemewa.