Niliuliza kitabu cha kilimo, nikapata jibu la mnyauko: uzoefu wangu na huduma ya rejea maktabani Mbeya

Nalima viazi mviringo Umalila, upande wa Ilembo, na mzigo wangu huwa unashukia soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Msimu uliopita shamba lilianza kulala. Shina moja hapa, matatu kule. Mchana jua likiwaka majani yanalegea, usiku yanajiinua kidogo, siku chache baadaye hayainuki tena. Kwenye duka la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu. Nikapuliza. Nikanunua nyingine, nikapuliza tena, na shamba likaendelea kulala.

Mwanangu aliyeko sekondari ndiye aliyesema, mama, nenda maktaba kaulize. Mimi nilijua maktaba ni mahali pa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye maktaba moja hapa mjini, nilimwambia kijana wa kaunta kwamba nataka kitabu cha kilimo. Akanyoosha kidole, "mia sita na thelathini, kule mwisho," yaani namba ya rafu za kilimo, akarudi kwenye simu yake. Nikaenda. Kahawa, ng'ombe, nyuki, matrekta, misitu. Nilishika vitabu vitatu, nikavirudisha, nikapanda daladala na uchungu moyoni.

Nilirudi wiki iliyofuata kwa sababu tu nilikuwa nimekuja kudai hela ya mzigo. Safari hii nikamkuta binti mmoja kwenye chumba cha vitabu vya rejea, kavaa sweta zito maana ilikuwa ile baridi ya Juni. Akaniamkia, nikaitikia, nikarudia maneno yale yale: nataka kitabu cha kilimo.

"Karibu ukae, mama. Kilimo cha nini?"

Viazi.

"Unataka kuanza kulima, au vipo shambani tayari?"

Vipo, vinakufa.

"Vinakufaje? Majani yanatoka madoa meusi, au yananyauka yakiwa bado ya kijani?"

Hapo nikanyamaza. Tangu shida ianze hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo, hata aliyeniuzia dawa. Yananyauka yakiwa ya kijani, nikamwambia, tena udongo una unyevu.

"Mimi si mtaalamu wa kilimo, mama, sitakutajia ugonjwa. Nauliza ili nijue tufungue wapi."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani. Nilikuja na swali la kilimo, kumbe swali langu halisi lilikuwa dogo na lenye mlango wake. Yeye alilitafuta kwanza swali, kitabu akakifuata baadaye. Alinieleza kwamba mazao yenyewe yana namba zake za rafu, na 632 ni magonjwa na wadudu wa mimea, ndiyo maana siku ile ningezunguka rafu ya viazi hadi jioni nisipate ninachotaka. Akatoa kitabu kinene kisichoazimishwa, akaenda moja kwa moja kwenye faharasa nyuma, akashusha kidole kwenye orodha, akafungua kurasa mbili tu. Kitabu kizima ni Kiingereza. Akaketi kando yangu akawa ananisomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na penye neno gumu akafungua kamusi kuliko kukisia.

Kurasa zile zilikuwa na kipimo cha mnyauko bakteria ambacho mkulima anaweza kukifanya mwenyewe. Kesho yake nilikata kipande cha shina karibu na udongo, nikakifunga uzi, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kuitikisa. Tukasubiri, mimi na mwanangu, tumeinamia meza. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato, taratibu, zikielekea chini ya glasi. Ni bakteria hao wanaotoka. Dawa ya ukungu haiwagusi kabisa. Hela yote ile niliipuliza hewani.

Nilichonakili kingine ni hiki: ng'oa shina lililonyauka pamoja na viazi vyake, usilitupe kwenye mfereji wa maji, eneo lile usirudishie viazi, wala nyanya, pilipili au bilinganya, maana ni ukoo mmoja, panda mahindi au ngano kwa misimu kadhaa, na maotea ya viazi, yale yanayojiotea yenyewe, yang'olewe kila yanapochomoza. Mbegu itoke mahali safi. Halafu yule binti akaniandikia kwenye karatasi: TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, nenda na mmea mzima wakuthibitishie. Sikujua kwamba kumwelekeza mtu nje ya maktaba nako ni sehemu ya kazi yao.

Kasoro zipo na zinaniuma. Mashine ya kudurufu ilikuwa mbovu, nikanakili kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Vitabu vya kilimo vya Kiswahili nilivyoviona ni vichache na vimechakaa, katika mkoa ambao unalisha watu wengi kiasi hiki. La kwanza kabisa ni lile la kaunta. Mkulima anayetoka kijijini akinyooshewa kidole siku ya kwanza, wengi hawarudi. Mimi nilirudi kwa bahati.

Nilimuuliza binti alijifunzia wapi kuuliza vile. Akasema Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi, na kwamba huko walifundishwa kanuni tano za mkutubi wa India aitwaye Ranganathan, za mwaka 1931. Ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Mimi aliniokolea muda, na msimu pia.

Ukienda, ulizia mkutubi wa vitabu vya rejea, usiishie kaunta. Beba daftari na kalamu. Kusoma humo ndani sikutozwa kitu. Na mweleze shida yenyewe kama unavyomweleza daktari, hata kama unaona ni swali la kishamba. Mimi wiki ijayo narudi kuuliza namna ya kuhifadhi viazi vya mbegu visichipue kabla ya wakati, na safari hii najua nianze na nini.