Skating za nyumba ya Pwani: ipi ununue, ipi uache dukani

Nyumba ya Dar, Tanga au Mombasa hudekiwa kwa ndoo ya maji, na mchwa hawako mbali. Chagua skating, yaani ule ukanda wa chini ya ukuta unapokutana na sakafu, kwa hayo mawili kwanza, urembo ufuate.

Namba moja ni ya vigae. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 hutoa vipande sita, kila kimoja pungufu kidogo ya sentimita 10 kwa sababu diski ya kukatia nayo hula. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15. Toa mlango wa sentimita 90, zinabaki mita 14.1, yaani vigae vinne. Nunua vitano, siku moja na vya sakafu, maana boksi la mzigo mwingine laweza kuja na rangi tofauti. Kagua kingo: vipande viwili tu vina ukingo wa kiwandani, vinne vya kati vimekatwa juu na chini na vina mapengo madogo. Fundi avisugue kabla ya kubandika. Baadaye haiwezekani vizuri.

Ya pili ni PVC, yaani ya plastiki ngumu. Haiozi, mchwa hawaili. Ila gundi haishiki kwenye rangi inayotoa unga: pitisha kiganja ukutani, kikitoka cheupe, kwangua kwanza. Kwenye maungio acha milimita 2, la sivyo joto huirefusha na inabinuka katikati.

Ya tatu ni mbao: mninga au mtiki, au paini yenye dawa kama utaipaka rangi. Kazi kubwa iko hapa. Piga msasa namba 120, paka andakoti, rangi ya kwanza ya chini, pande zote, hata mgongoni. Mgongo mtupu hunyonya unyevu wa ukuta, ubao unapinda, rangi inabanduka. Funga kwa fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) na skrubu kila sentimita 60, kwani msumari wa zege hupasua plasta. Inua milimita 3 kutoka sakafuni. Ziba matundu kwa puti, msasa 220, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Silikoni ya kuziba lile pengo la chini iwe ya mwisho kabisa: rangi haishiki juu yake.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, naiweka mkiani. Ni laini, inapakika vizuri, bei yake inavutia. Lakini maji yakishaingia kwenye ukingo wa chini inavimba, na hata ikikauka hairudi. Labda chumba cha ghorofani kinachofutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa.