Sanduku la chuma la fundi wa Ngamiani, nimelitumia miezi minne

Watu humu wanasifia friji na subwoofer, mimi leo naandika kuhusu sanduku. La chuma, saizi ya katoni ya viatu, limechomelewa na fundi mmoja Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, kwa elfu 45, kufuli nilinunua mwenyewe elfu 12. Nimeandika kwa sababu wakati nalitafuta sikupata mtu wa kuniambia ukweli, kila duka unaloingia wanakuuzia kisanduku cha kuwekea pesa.

Niseme kwanza la nini. Mke wangu ana kansa ya mlango wa kizazi. Mwaka jana tulikaa Dar, akapigwa mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, tukarudi Tanga tukiwa na matumaini, halafu ikarudi. Sasa hivi tupo kwenye tiba shufaa, wale manesi wanaokuja mpaka nyumbani kumtuliza maumivu, kuponya hakuzungumzwi tena. Dawa yake ni mofini ya maji, inatoka famasi ya hospitali kwenye chupa ya plastiki, chungu kama shubiri, anakunywa kila baada ya masaa manne.

Na mimi ni teja mstaafu. Mwezi wa kumi natimiza miaka tisa sijagusa unga. Nilipitia soba moja, nyumba ya kuachia unga, kule Bagamoyo, nimeoga maji ya ndoo na watu arobaini, nimepigwa arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, mpaka nikawa nagonga kichwa ukutani, hayo nimeshasimulia sana sirudii. Ila kuna kitu watu wengi hawakijui, hata ndugu zangu hawakujua mpaka nesi alipowaeleza: ile heroini ikishaingia mwilini inageuka kuwa mofini. Kwa hiyo ile chupa ya mama, yaani mke wangu, pale kwenye kabati la vyombo, pembeni ya sukari, kwangu mimi ni mtu ninayemfahamu amekuja kukaa nyumbani kwangu na siwezi kumfukuza maana ndo anayemfanya mke wangu alale.

Nesi nilimwambia ukweli siku ya kwanza. Nilidhani atamnyima mgonjwa dawa kwa ajili yangu, hakumnyima, akabandika plasta kwenye chupa akachora mstari dawa ilipofikia, akasema tuwe na daftari. Halafu akanivuta nje akaniambia kwa upole tu, kaka angalia, mwili wako umeshasahau, kile kipimo chako cha zamani ukikirudia leo ndo kinachokuua, pumzi inakata umelala. Na siku ikifika dawa itakayobaki inarudi hospitali, isikae ndani hata usiku mmoja. Hiyo "siku ikifika" ilinichoma kuliko lile la pumzi.

Sasa masanduku. La kwanza nilinunua dukani, duka silitaji, cha rangi ya bluu kutoka China, kinafungwa kwa namba tatu za kuzungusha, elfu 38. Muuzaji akaniambia hiki hata mwizi anakiacha. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akaweka namba yake akaondoka. Usiku wa tatu mama amelala, umeme umekatika, nipo macho, nikajikuta nimekaa sakafuni na kisanduku mapajani nazungusha. 000, 001, 002. Sikuwa nimeamua kunywa, naapa, vidole tu vinafanya kazi na kichwa kinapiga hesabu, namba tatu ni michanganyiko 1000, sekunde mbili mbili hata dakika 35 hazifiki. Nilikuwa nimefika 214 mama akakohoa. Nikakirudisha kabatini. Asubuhi nikampigia shemeji nikamwambia shemeji nimeishia 214, akanyamaza kidogo akasema nakuja. Namba yake ilikuwa 306.

Kwa hiyo hicho cha bluu kwangu ni nyota 1, na hiyo moja ni ya rangi. Kama unaficha pesa mtoto asione sawa, kwa mtu kama mimi ni kama kufunga mlango kwa uzi.

Ndo nikaenda kwa fundi. Pale nje kuna milango, mageti na majiko, cheche zinaruka, nikamwelezea nataka chuma, siyo bati la tranka la shule, kufuli lisionekane shingo, na chini pawe na matundu mawili ya boliti. Akaniuliza unaweka nini humo, bunduki? Nikamwambia dawa. Dawa gani ya kufungiwa hivyo? Nikasema ya mgonjwa, na mimi mwenyewe mgonjwa. Akaniangalia meno, sisi tuliotoka huko tunajulikana kwa meno, hakuuliza tena, ikashuka toka elfu 50 hadi 45. Siku mbili likawa tayari.

Kazi yake nzuri. Kufuli linaingia ndani ya kikombe cha chuma kama kwenye makontena, msumeno haupati pa kukaa. Tumelikaza ukutani kwa boliti, na kichwa cha boliti kipo ndani, ukitaka kuling'oa lazima kwanza ulifungue. Kasoro: sisi tupo karibu na bahari, hewa ya chumvi haina huruma, mwezi haujaisha palipochomelewa pakaanza kutoa kutu. Mwambieni apige redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya rangi, mimi alipiga mara moja. Pia usiliweke dirishani, likipigwa jua linachemka na dawa haitaki joto.

Utaratibu wetu: shemeji anakuja asubuhi kabla hajaenda soko la Mgandini kwenye biashara yake, anafungua, anapima dozi za siku nzima kwenye kichupa kidogo, anaandika kwenye daftari, anafunga anaondoka na ufunguo. Kichupa kinabaki na mimi. Ndiyo, kinabaki na mimi. Cha siku moja naweza kukibeba, chupa nzima hapana, huo ndo ukweli wangu na nisingeujua bila ile 214.

Sasa hapa nisiwadanganye, sanduku likimlinda mlinzi linamchelewesha mgonjwa. Kuna usiku maumivu yalimzidi, dozi ya usiku ilikuwa imeshaisha, ikabidi nitoke saa nane na mvua ile ya masika nikimbie kwa shemeji nikagonge dirisha. Kwenda na kurudi dakika ishirini, mke wangu anauma mto. Sijawahi kujichukia hivyo hata nilipokuwa maskani kwenye unga. Tokea hapo tukaongea na nesi, dozi moja ya dharura inakaa kwa mama jirani ng'ambo ya uwani, hatua kumi tu. Ukinunua sanduku panga na hilo siku hiyohiyo, usisubiri ujifunze kwa kilio cha mtu.

Kufuli lilikuja na funguo tatu. Nilimpa shemeji moja, na baada ya usiku ule wa mvua mama jirani moja kama akiba, nikawaambia ziko mbili.

Sisi kila usiku tunaangalia tamthilia moja ya kutafsiriwa, anaipenda sana, hata siku anayoshindwa kukaa namwegemeza kwenye mito. Mle kuna jamaa alikuwa mlevi akaacha, mkewe kapooza, yeye ndo anamwogesha anamlisha. Kila sehemu wanamwonyesha anapita mbele ya baa, muziki unapanda, kesho tena anapita. Mtaani kila mtu anabishana kama atarudi au harudi, hadi mama jirani anakuja na stuli yake kuangalia. Mimi ile muziki inaniudhi, maana kwenye maisha hakuna muziki unaokuambia sasa ni hatari, kuna kukatika umeme tu na mtu anakohoa.

Siku hiyo jamaa akasimama mlangoni kwa baa, ikaishia hapo. Mama jirani akasema huyo anarudi, mlevi ni mlevi, akabeba stuli akaenda. Mke wangu kimya. Halafu akasema bila kunigeukia, "Kufuli la dukani huwa lina funguo tatu, baba."

Nikasema najua.

"Uko wapi?"

Ulikuwa kwenye soksi, ndani ya kiatu ambacho sivai. Wiki tatu. Sikuwahi kuutumia, ila kila siku nilikuwa najua ulipo. Nikaenda nikautoa nikamwekea mkononi, mkono wenyewe umebaki mifupa, nikasubiri aseme neno, hakusema. Akavuta pindo la kanga akafunga fundo pale, kama wanavyofunga hela ya sokoni, akaniambia niongeze sauti, taarifa ya habari inaanza.

Bado upo pale. Kanga akibadilisha na ufunguo anauhamisha mwenyewe, hata siku ambayo kijiko hawezi kushika.

Kwa ujumla nyota 4. Ya tano nilitaka kuikata kwa ajili ya bawaba, zinalia vibaya, shemeji akifungua asubuhi nyumba nzima inasikia mpaka uwani. Nilirudi kwa fundi akasema lete nitie mafuta, bure. Nilipomwambia mke wangu akasema liache hivyohivyo. Kwa hiyo nyota niliyokata ni ya kutu. Mkienda kwake mwambieni mnataka la dawa, anajua sasa, ameshawatengenezea wengine wawili toka kwangu.